Kikombe Kilicholiwa

Wenzake kituoni walimwita Inspekta Polepole, na jina lilimkaa kama kofia yake. Mwanamke huyo akiingia mahali pa tukio hufunga mikono nyuma, kama mtoto aliyeonywa asiguse vyombo vya watu, akazunguka chumba kizima, akarudi mlangoni, akaanza upya. Vijana wa kituo walimcheka kwa tabia hiyo. Waliofungwa kwa sababu yake hawakucheka.

Asubuhi hii, hata hivyo, hakuwa na nafasi ya kuzunguka mara mbili. Ndiyo kwanza avuke kizingiti cha karakana ya manukato, simu ikaita.

"Inspekta, ni daktari. Mzee wenu hashikiki."

"Sema."

"Nimempa dawa ya kuondoa sumu ya spiriti, kama nilivyoelezwa na aliyemleta. Hakuna mabadiliko. Anapumua kama mtu aliyekimbizwa na mbwa, joto linapanda, na kabla hajapoteza fahamu alikuwa analalamika masikio yanamvuma. Nikimwacha hivi atachoka. Nikimlaza kwa dawa nimtie kwenye mashine ya kupumulia, halafu kumbe si spiriti, kuna sumu nyingine ambazo usingizi huo ndio unaozimalizia kazi. Nitakuwa nimemuua kwa mikono yangu."

"Kinywa chake kinanuka nini?"

Daktari alitaka kucheka, kicheko kikamshinda. "Huyu ananuka duka zima, Inspekta. Nguo, nywele, kucha. Wodi yangu yote inanuka ndimu na sabuni. Nipe jina la kitu alichokunywa. Nipe kabla ya adhuhuri."

Aliyezungumziwa alikuwa mchanganyaji mkuu wa karakana hii, mzee ambaye kila mtu, hata wateja, alimwita Mzee Pua. Hakuna sabuni, mafuta ya nywele wala dawa ya kuchua iliyotoka katika nyumba hii bila kupita kwanza chini ya pua yake. Leo alifika kazini, akaketi kwenye meza yake, akanywa maji yake ya tangawizi kama kila siku, na kabla jua halijapanda vizuri alikuwa sakafuni pamoja na stuli yake. Maisha yake sasa yalining'inia kwenye jina moja tu, na katika jengo hili lazima alikuwepo mtu aliyelijua.

Inspekta aliirudisha simu mfukoni, akatazama. Ulikuwa ukumbi mrefu wenye sakafu ya saruji. Kushoto yalipangwa mapipa ya sabuni ya maji, magunia ya kostiki soda na madumu ya gliserini. Kulia, nyuma ya wavu wa chuma wenye kufuli, ilikaa mitungi ya mafuta makali yasiyochanganywa bado: mkaratusi, karafuu, ganda la chungwa, mchaichai na mengineyo. Mwisho kabisa, chini ya dirisha, meza ya mzee. Hewa ilijaa harufu mpaka ikawa nzito. Ilikuwa kama kuingia mahali ambapo watu hamsini wanazungumza kwa pamoja, na Inspekta hakuweza kumsikia hata mmoja wao.

Nyuma yake, konstebo wake alikuwa hajaacha kupiga chafya tangu washuke kwenye gari. Alikuwa baba wa makamo mwenye tumbo la heshima na goti bovu.

"Afande, pua yangu mimi imeshajiuzulu," alisema. "Usiniulize kitu chochote cha kunusa."

"Basi tumia macho. Na mtu yeyote asioshe kitu."

Konstebo alitoa daftari lake, akajaribu kuandika, kalamu ikagoma. Kijana mmoja aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi sawasawa alimsogelea, akamchomolea nyingine kutoka mfuko wa kifua.

"Chukua tu, mzee wangu. Boksi zima limefika jana jioni." Kisha akamgeukia Inspekta. "Pole na kazi, Afande. Mimi ndiye meneja hapa. Na mimi ndiye niliyempeleka mzee hospitali."

"Wewe ndiye uliyesema spiriti?"

"Ukweli usemwe, hata kama ni aibu. Mzee alikuwa anakunywa, na sisi tumemfichia." Aliinama chini ya meza ya mzee, akavuta bati la spiriti. "Tazama mwenyewe. Limepungua."

"Pombe aliiacha kabla wewe hujaota ndevu." Sauti ilitoka karibu na dirisha. Aliyesema alikuwa mama mmoja mwembamba, mwenye mvi zilizofungwa kitambaa, mkono wake umeshika ile stuli iliyoanguka kana kwamba stuli yenyewe ndiyo mgonjwa. Huyu ndiye mwenye karakana. Alianza kwa kupika sabuni katika sufuria moja uani kwake, akiwa mjane mwenye mtoto mgongoni, na watu hawakumwita kwa jina lingine zaidi ya Mama Sabuni. Yule mtoto wa mgongoni sasa ndiye meneja.

"Mama, watu huacha, na watu hurudia," meneja alisema kwa upole.

"Spiriti hii ndiyo mnayochanganyia manukato?" Inspekta aliuliza.

"Ndiyo," Mama Sabuni alijibu. "Lakini inatufikia ikiwa imetiwa uchungu, Afande. Sheria inataka hivyo, watu wasije wakainywa."

Inspekta alifungua bati, akalowesha ncha ya kidole, akaigusisha kwenye ulimi. Uso mzima ulimkunjamana. Alikimbilia dirishani akatema, akasukutua kwa maji aliyoletewa na konstebo, akatema tena, na bado kinywa kilikuwa kichungu kuliko shubiri.

"Mtu aliyeweza kumeza funda moja la kitu hiki basi hana ulimi," alisema alipoweza kusema.

"Walevi hawana ulimi, Afande," meneja alisema.

"Huenda. Lakini wana koo, na koo lina akili zake."

Meneja alinyanyua mabega. Kisha, kama mtu asiyetaka lakini analazimishwa na dhamiri, akasema, "Kama si hilo, basi sijui. Chupa yake ya tangawizi anaijaza bintiye nyumbani. Sipendi kusema mengi."

Wote walimgeukia mwanamke aliyekuwa amesimama pembeni mwa meza ya baba yake, katika koti la kazi lenye madoa, leso imeviringishwa mkononi mpaka imekuwa kama kamba. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi. Alifanya kazi hapa kama msaidizi wa baba yake, na tangu Inspekta aingie alikuwa hajafungua mdomo.

"Mimi nimtilie baba yangu sumu?" alisema sasa. "Wewe! Unaweza kusema hivyo mbele ya mama yako?"

"Sijasema sumu. Nimesema chupa."

"Chupa iko wapi?" Inspekta aliuliza.

Ilikuwa mezani, ile ya bati ya kutunza joto. Inspekta aliomba glasi ya kupimia, akamimina kilichobaki, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mafuta na maji hayapatani. Kama kuna tone la mafuta humu, litajitenga tu. Alisubiri. Aliizungusha glasi taratibu. Machicha ya tangawizi yalicheza, yakatulia. Juu hapakuwa na jicho la mafuta, chini hapakuwa na kitu ila machicha.

"Humu ni safi," alisema. "Alinywea nini?"

"Kifuniko," binti alijibu. "Kifuniko cha chupa ndicho kikombe."

Kifuniko kilikuwa kwenye kichanja cha vyombo, kimegeuzwa, kimeoshwa. Kilikuwa cha plastiki ngumu, angavu, ile inayotaka kujifanya kioo. Inspekta aliuliza ni nani aliyekiosha, na hakuna aliyejibu. Akavaa glavu, akakishika, akapitisha kidole ndani. Ubavuni kilikuwa laini. Chini kabisa, kidole kiligoma. Plastiki ilikuwa na utando kama wa maziwa, tena inanata, kama pipi iliyonyonywa ikatemwa.

Alikiweka chini, akasema kwa sauti ileile. "Mama, kuna mafuta hapa yanayokula plastiki?"

"Yapo. Ndiyo maana mafuta makali tunayaweka kwenye kioo na bati tu. Ganda la chungwa linaila plastiki ya namna hiyo. Karafuu inaila. Wintagrini inaila."

"Nionyesheni yanavyokaa kwenye maji."

Mama Sabuni alichomoa funguo kiunoni, akafungua wavu, akatoa chupa ndogo za sampuli. Binti alipanga glasi za maji mezani, mikono yake ikifanya kazi yenyewe bila kumwomba ruhusa. Tone la chungwa lilidondoka, likatawanyika juu ya maji. Tone la karafuu lilidondoka, likasitasita, likazama. Tone la wintagrini halikusitasita hata kidogo. Lilikwenda chini moja kwa moja kama jiwe.

"Kama lingekuwa chungwa, kikombe kingeliwa ubavuni, pale maji yalipofika," Inspekta alisema. "Hiki kimeliwa chini. Ni moja ya haya mawili yanayozama. Karafuu ikigusa ulimi inakuwaje?"

"Inatia ganzi," binti alisema. "Hata wenye maumivu ya jino wanaitumia. Baba angeijua palepale, angeijua hata kama..."

Aligeuka kuzipanga upya glasi.

"Hata kama nini?"

"Hata kama ana usingizi."

Inspekta alimtazama kidogo, akaacha. "Na wintagrini?"

Mama Sabuni ndiye aliyejibu. "Hiyo ndiyo inayoipa dawa ya kuchua ile harufu yake. Ndani yake mna kitu cha jamii ileile ya vidonge vya aspirini, ila kimekusanyika. Kwenye ngozi, ikichanganywa, ni dawa. Tumboni ni sumu. Kijiko kimoja kinamaliza mtoto." Kisha akatikisa kichwa kwa nguvu. "Lakini hapana, Afande. Wintagrini ukiifungua, aliye barabarani anajua. Tena huyu ni Mzee Pua! Aipeleke mdomoni? Afadhali uniambie alikunywa moto."

Hapo ndipo kazi yote ilipokwama. Kikombe kilisema neno moja, akili ya kila mtu ikasema jingine, na saa ya ukutani haikuwa inamsubiri mtu. Akimpa daktari jina lisilo sahihi, basi mzee atazikwa na jina hilo. Inspekta alimshika binti mkono, akamwingiza kwenye stoo ya chupa tupu, akafunga mlango kwa kisigino.

"Baba yako ananusa?"

"Unauliza swali gani hilo? Baba ndiye pua ya nyumba hii."

"Sikukuuliza nyumba inamwitaje. Pale ulitaka kusema 'hata kama hanusi.'"

Binti aligeukia rafu za chupa. Mabega yalipanda, yakashuka.

"Binti yangu, nisikilize. Daktari amesimama juu ya kichwa cha baba yako, hajui amtie dawa gani. Mimi ninalo jina, lakini siwezi kulitoa mpaka nijue kwa nini mtu mwenye pua timamu alikunywa kitu kile. Ukininyamazia, unamchimbia kaburi."

"Aliniapisha."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Unataka kimuumbue leo?"

Leso ilianguka. "Tangu ile homa ya mwaka jana," binti alisema, na maneno yakaanza kumtoka bila mpangilio. "Aliamka siku moja hana. Hasikii maua, hasikii moshi, hasikii chochote. Alilia, Afande, baba yangu, sijawahi kumwona analia. Akasema wakijua watampa mkono wa kwaheri, atakaa nyumbani anahesabu mabati ya dari mpaka afe. Basi ninanusa mimi. Yeye anashika kijiti cha karatasi anakipeleka puani, mimi nasimama nyuma yake. Nikisimama kulia, ni nzuri. Nikisimama kushoto, anakunja uso anasema rudieni. Hakuna aliyewahi kushtuka."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Mimi na yeye tu."

Inspekta alikuwa ameshatoa simu.

"Daktari, ni wintagrini. Pima salisileti, ile sumu ya jamii ya aspirini, kwenye damu."

"Una hakika?"

"Kikombe kina hakika."

"Masikio," daktari alisema, kama mtu anayejipiga kofi. "Masikio yanavuma! Na ile pumzi... Basi simlazi. Pumzi hiyo ndiyo inayomshikilia. Damu yake inapimwa sasa hivi, na mashine ya kuisafisha iwashwe. Muombeeni tu tusiwe tumechelewa."

Binti alipelekwa hospitali kwa gari la polisi. Alipopita mbele ya meneja hakumtazama, naye meneja alikuwa anatazama sakafu.

Sasa Inspekta Polepole angeweza kurudi kwenye mwendo wake. Alifunga mikono nyuma, akazunguka karakana, akarudi mlangoni, akaanza upya, na konstebo akichechemea nyuma yake.

"Afande, mimi bado sioni," konstebo alisema. "Kama binti ndiye pekee anayejua mzee hanusi, si ndiye pekee anayeweza kumnywesha?"

"Angetaka, angeitia kwenye chupa akiwa jikoni kwake, wala asingengoja mpaka afike hapa. Chupa ni safi. Sumu iliingia kwenye kikombe, mezani pale, leo asubuhi. Na wavu ule una funguo za watu wangapi?"

"Wawili. Mama na mwanawe. Nimeshauliza."

"Basi kuna mtu wa tatu anayejua. Au ambaye hakujua, akataka kujua."

Konstebo alifikiri jambo hilo mpaka chafya ikamkatiza.

Mchana ulikuwa umeshageuka walipomkalisha meneja katika ofisi yake mwenyewe, chumba kidogo chenye dirisha la kutazama ukumbini. Hospitali haikuwa imepiga tena. Kila dakika Inspekta aliigusa simu yake kupitia kitambaa cha mfuko, kuhakikisha kwamba haijazimika.

"Wintagrini," alisema. "Mara ya mwisho kuifungua lini?"

"Mimi?" Meneja alitabasamu. "Mimi si mtu wa mafuta, Afande, mimi ni mtu wa karatasi. Huo mtungi sijaugusa miezi."

"Hata jana?"

"Hata jana. Hata leo. Muulize Mama."

"Vizuri. Niandikie hayo kwa mkono wako. Uliingia saa ngapi, ulifanya nini, mzee ulimkuta wapi."

Konstebo alisogeza karatasi. Meneja alipeleka mkono mfuko wa kifua, akavuta kalamu. Haikuja mara moja. Kitambaa kiliifuata kidogo, kikaachia. Aliiweka kwenye karatasi akaandika mstari wa kwanza, na mwandiko ulikuwa mzuri. Inspekta hakuwa anatazama mwandiko.

"Hebu nipe hiyo kalamu."

"Kuna nini?"

"Nipe kwa upande wa kifuniko."

Aliipokea kwa glavu. Ilikuwa kalamu ya kawaida, ile ya bomba angavu ambalo wino unaonekana ndani. Lakini pale panaposhikwa na vidole bomba lilikuwa limefifia, limeingia utando wa maziwa, na katikati ya utando palikuwa na bonde la dole gumba, na mistari ya ngozi imelala humo kama ilivyo.

"Konstebo, toa ile uliyopewa asubuhi."

Konstebo aliiweka mezani. Bomba lake lilikuwa angavu kama maji.

"Boksi moja," Inspekta alisema. "Limefika jana jioni, wewe mwenyewe umetuambia. Kwa hiyo baina ya jana jioni na leo asubuhi vidole vyako vilikuwa na mafuta yanayokula plastiki, halafu ukashika kalamu."

"Hapa kila kitu kina mafuta. Nitakuwa nimegusa meza."

"Meza mnazipangusa kwa spiriti kila jioni, mama yako amenieleza. Na mitungi yote imefungiwa kwenye wavu ambao wewe huugusi, maana wewe ni mtu wa karatasi."

Meneja alitazama dole gumba lake. Alilitazama muda mrefu, kama kitu cha mtu mwingine kilichosahauliwa mkononi mwake. Ukumbini, mtu alisogeza dumu, na sauti yake ikamfanya aruke kwenye kiti.

"Sikutaka kumuua," alisema.

"Ulitaka nini?"

"Kujua. Kujua tu! Nimemwomba Mama tubadilishe, tulete mashine za kupimia, tuajiri mchanganyaji aliyesomea. Kila siku jibu ni moja: maadamu pua ya mzee ipo, meza ile ni yake. Halafu juzi pamba ikashika moto hapo nyuma yake. Inafuka moshi, sisi sote tunakohoa, yeye hakugeuka mpaka alipouona. Nikasema, huyu hana pua. Lakini nani ataniamini? Nikasema nitamjaribu. Mtu mwenye pua angekiweka kikombe chini kabla hakijafika mdomoni. Angenitukana, ningeomba radhi, tungecheka."

"Ulitia kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kidogo cha tone?"

Meneja alilisugua dole gumba kwenye suruali.

"Kidogo cha kijiko? Vijiko viwili?"

"Nilitia ya kutosha ili asiseme kwamba haikuwa na harufu," alisema, sauti ikiwa imemwisha. "Alimimina tangawizi juu yake bila kutazama."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mlangoni."

"Ukamwona anakunywa."

"Alikinusa kwanza."

Konstebo aliinama mbele. Inspekta aliinua macho. "Alikinusa vipi mtu asiyenusa?"

"Aliniona nimesimama. Akakiinua kikombe mpaka puani, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu kama anavyofanya siku zote. Akaniambia, 'Leo tangawizi inanukia kweli kweli, mwanangu.' Halafu akanywa chote."

Inspekta alikuwa amesikiliza watu wengi wakikiri mambo mengi, mengine ya damu, lakini kwa hili aliiweka ile kalamu chini kwanza kabla ya kuendelea.

"Ukapata jibu lako," alisema. "Mbona hukusema?"

"Nilitaka kusema. Kila nilipofungua mdomo naona nitaulizwa nimejuaje. Nikaosha kikombe. Nikasema labda atatapika, yataisha. Alipoanguka ikawa nimeshachelewa."

"Hukuwa umechelewa. Daktari alikuuliza, ukasema spiriti. Hapo ndipo ulipochelewa."

Mlango haukuwa umefungwa vizuri. Ulijisukuma, na Mama Sabuni alikuwa amesimama hapo, na kwa jinsi alivyosimama hakuna aliyehitaji kumuuliza amesikia kuanzia wapi.

"Ungeniuliza mimi," alimwambia mwanawe.

"Mama..."

"Mimi ninajua tangu ile homa. Siku moja bintiye hakuwepo. Nikampa mzee sampuli ya lavenda anipimie, akainusa, akaniambia nzuri sana, tena imekolea. Nikarudi nayo hapa ofisini ndipo nikaona nilikuwa sijatia hata tone. Nilimpa maji matupu." Aliongea bila kupandisha sauti. "Nililia hapo ulipokaa. Halafu nikasema, bintiye ananusa kuliko alivyonusa yeye siku zake za ujana, kazi inakwenda, wateja wanarudi. Nani alikutuma umvue nguo mzee wa watu? Alikufundisha kutembea kwenye ukumbi ule."

Meneja aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa karatasi. Inspekta alimpa konstebo ishara, na konstebo akanyanyuka kwa goti lake bovu, akatoa pingu.

Simu iliita.

"Afande!" Alikuwa binti, na nyuma yake palisikika mlio wa mashine. "Amefumbua macho. Daktari anasema tusishangilie bado, mpaka kesho, lakini amefumbua macho, amenijua!"

"Amesema kitu?"

Binti alishusha sauti, kama mtu aliyeziba simu kwa kiganja. "Anauliza kama kazini wamejua."

Inspekta alijua kesi hii itasomwa mahakamani mbele ya watu, kikombe, kalamu na pua ya mzee, vyote. Alijikuta anamtazama Mama Sabuni, na Mama Sabuni akanyoosha mkono, akaichukua simu.

"Mwambie hakuna anayejua," alisema. "Mwambie meza yake nimeifunika kitambaa, apone aje."

Akamrudishia Inspekta simu yake. Kisha akamsogelea mwanawe, ambaye alikuwa amesimamishwa na konstebo, akamfunga kifungo cha shati kilichofunguka shingoni, kwa kuwa yeye mwenyewe mikono ilikuwa imeshafungwa.